Mikanda ya Kochi la Kinyozi

Jumatatu, tarehe 4

Nimepata kochi! La bure! Kinyozi wa mtaa wa nyuma anahamia kwenye duka jipya la vioo, na kochi la wateja wake alikuwa analipasua kuni. Kuni! Nilifika shoka likiwa hewani. Nikamwambia subiri. Akasema nikilibeba sasa hivi ni langu, nikizubaa ni moto.

Nimelibeba. Msukuma mkokoteni alicheka njia nzima. Hana jicho huyo. Miguu ya msaji, imechongwa, imepinda kwa madaha! Mgongo mpana! Mbao za siku hizi zikisimama karibu yake zitaomba radhi. Kitambaa ndicho kimekwisha, hilo siwezi kubisha, makalio ya mtaa mzima yamepita pale. Ndani nimetoa vitana, nusu wembe na nywele za kujaza mto. Nywele sikuzitupa. Huwezi kujua.

Sababu ya haya yote: Jumapili mama mkwe anakuja kutibiwa macho, atakaa mwezi mzima. Kila akija hufikia kwa Nailoni. Nailoni ni mwanyumba wangu, yeye kaoa dada mtu, mimi nimeoa mdogo mtu. Jina nimempa mimi, maana amenunua seti mpya ya makochi na hadi leo hajaivua nailoni ya dukani. Kwetu mama mkwe hula chakula cha mchana juu ya kiti cha plastiki, hushika kiuno, huaga. Mke wangu humsindikiza mama yake hadi getini, akirudi huosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Hilo ndilo linaloniuma. Safari hii mama atalala kwetu, na atalala kwa hiari yake.

Jumanne, tarehe 5

Mke wangu kauliza harufu ile ni ya nini. Nikamjibu ya kale ni dhahabu. Akasema dhahabu hainuki mafuta ya nywele.

Nimepiga msasa tangu nilipotoka kazini. Vumbi puani, vumbi kwenye chai. Lakini mbao! Chini ya uchafu ule mlikuwa na rangi ya asali, na mistari inayopita taratibu kutoka mkono hadi mguu. Nani alilichonga hili? Hakuacha jina, ameacha kazi. Nilikaa chini nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Mke wangu alipita na ndoo, akasimama. Akaweka kiganja juu ya mkono wa kochi, akapapasa. Akasema ni zuri. Nimeoa mwanamke mwenye macho.

Jumatano, tarehe 6

Asubuhi, kwa muuza vitambaa. Mahameli ya kijani, mabaki ya jora, upande mmoja umepigwa na jua. Muuzaji nilimwambia ule weupe ni kasoro. Bei ikashuka. Mke wangu nilimwambia ule weupe ni mtindo.

Jioni, kwa fundi wa makochi, mama mmoja anayeitwa Bi Nyundo. Ningeweza kukaa pale nikitazama wiki nzima! Misumari midogo ameijaza mdomoni. Ulimi unausukuma mmoja hadi kwenye midomo, nyundo ya sumaku inaudaka, tap, umezama. Hatazami. Kitambaa kinalala kikiwa kimenyooka, kona zinakunjwa kama anafunga zawadi. Ubaya ni mmoja: mtu mwenye misumari mdomoni hana maelezo marefu.

Tulielewana hivi. Yeye avalishe mgongo na mikono ya kochi, ashone na mito ya kukalia. Chini ya mito, akasema, panahitaji mikanda, na akiitia yeye bei inapanda. Nikamwambia mikanda aniachie mimi. Akasema, misumari ikigongana mdomoni, iwe mingi, iwe imara, niipishanishe kama mkeka, niivute mpaka ilie. Nilitaka kuuliza mikanda ipi. Lakini kulikuwa na wateja wawili wanasikiliza, na mtu mzima mwenye suruali hawezi kuuliza mkanda ni nini.

Alhamisi, tarehe 7

Operesheni mikanda. Kabatini kwangu nimepata miwili, pamoja na huu niliokuwa nimeuvaa. Wa koti la mke wangu, mmoja. Haitoshi hata kukalia paka.

Nikaenda kwa Nailoni. Nikamweleza kwa uso wa huzuni kwamba kuna wenye shida, tunawakusanyia mikanda. Akauliza wenye shida hao wako wapi. Nikamwambia wako chini kabisa. Sikusema uongo. Mkewe alikuwa anatazama, basi Nailoni akaingia chumbani akatoka na mikanda yote, ngozi tupu, mmoja una kichwa cha simba. Kisha akavua na ule wa kiunoni! Kumbe ana moyo. Nilimwonea fahari, nikamsamehe makochi yake kwa muda. Ameniambia niwasalimie hao watu.

Ijumaa, tarehe 8

Kochi limerudi kutoka kwa Bi Nyundo. Mahameli imelala mgongoni bila kikunjo, misumari ya shaba imepangwa pembeni, na ile sehemu iliyopigwa na jua ameiweka katikati, imekuwa mtindo kweli! Nilimfukuzia mbali msukuma mkokoteni aliyetaka kukaa.

Sasa mikanda. Hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Vyuma vya kufungia sikuviondoa! Kila mkanda nimeukata katikati, kila kipande nimekipigilia upande wake wa fremu, halafu vipande nimevikutanisha kwa chuma na matundu yake, kama kiunoni. Kochi likilegea, unakaza tundu moja. Likilegea tena, unakaza tundu la pili. Mafundi wote hawa, miaka yote hii, na hakuna aliyewaza hivyo. Simba nimemweka katikati, kwa heshima ya mgeni.

Kidole gumba kimevimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama hadi mgongo umekataa kurudi.

Jumamosi, tarehe 9

Kazini nimetembea mkono mmoja mfukoni siku nzima. Si maringo, suruali. Bosi kaniambia nibebe boksi la karatasi. Nikamwambia nina kidole kibovu. Ukweli husaidia.

Jioni majaribio. Nimekaa mimi: limeshika. Amekaa mke wangu pembeni: limeshika. Tukakaa wote wawili, taa imewashwa, kuta zilezile zimekuwa za watu wengine. Mke wangu akaniegemea. Akasema hajawahi kuipenda sebule hii kama leo. Akauliza pia mkanda wa koti lake uko wapi. Nikamwambia upo, unapumzika.

Hakuna tajiri aliyekaa vizuri kuliko mimi usiku huu.

Jumapili, tarehe 10

Mama mkwe kaletwa na Nailoni. Begi likaachwa kwenye gari, maana mpango ni ule ule, ale kwetu alale kwake. Nailoni kaingia ameshika suruali kwa mkono wa kushoto. Mimi nimempokea nimeshika yangu kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mama mkwe ni mwanamke wa heshima, na heshima yake ina uzito. Alisimama mbele ya kochi. Akalipapasa mgongo, akainama kutazama miguu, akasema kazi kama hii haifanywi tena. Akasema zuri. Kwangu, mama mkwe, zuri! Mke wangu alishika fremu ya mlango. Mama akageuka, akakaa. Katikati.

Nikasikia tak. Kisha tak, tak. Kisha tak-tak-tak-tak! Vyuma vilifunguka kimoja baada ya kingine. Mama mkwe akazama taratibu, bila kelele, magoti yakipanda kadiri mwili ulivyoshuka, mpaka tukabaki tunaongea na magoti.

Nikarukia mkono wake wa kulia, Nailoni wa kushoto. Tukavuta, kila mtu kwa mkono mmoja. Wapi! Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja hauinui mkwe. Mke wangu akapiga kelele kwamba tutumie mikono miwili, tuna nini sisi? Nilimtazama Nailoni, naye akanitazama. Niseme ukweli, hapo nilimheshimu. Tukavuta kwa mikono miwili.

Mama akatoka. Suruali zikashuka. Bukta yangu ina kiraka. Ya Nailoni ni mpya, nashangaa hajaiacha kwenye nailoni.

Nailoni, akiwa ameinama kujistiri, akamwona simba wake ananing'inia chini ya kochi. Akauliza kwa sauti ndogo kama hao ndio wenye shida. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia wako chini kabisa.

Ndipo mama mkwe alipoanza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka akakaa sakafuni, akacheka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akiashiria suruali, akashindwa kusema, akaanza upya. Hata Nailoni akacheka. Nikamfuata mke wangu jikoni nikidhani kaaibika. Alikuwa anabubujikwa na machozi. Akasema tangu baba yake azikwe hajamsikia mama akicheka hivi, na alikwisha kata tamaa. Akanishika shati akaliloanisha lote. Nikasema pole.

Wakati wa kuaga, mama akaagiza begi lishushwe. Akasema kwa Nailoni ni kuzuri, hana lawama, ila makochi yale ukiinuka yanakubandua ngozi, na watu wamekaa kimya kama wanasubiri daktari. Atakaa hapa. Mwezi mzima! Mke wangu hakuosha vyombo hata mara moja. Nimeviosha mimi.

Jumatatu, tarehe 11

Bi Nyundo amekuja, kaitwa na mke wangu. Akalipindua kochi. Akatazama kazi yangu kwa muda mrefu. Kisha akatoa kwenye mfuko gombo la utepe mpana, mzito, unaouzwa kwa mita. Hii, akasema, ndiyo mikanda. Hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni, na mama mkwe alikuwa anasikiliza.

Nimeelewa. Sina kiburi. Nimetangaza mbele ya wote kwamba neno la fundi si neno la mtaani, na kuanzia leo nikisikia neno la fundi nitauliza maana yake. Mama mkwe amenisifu, amesema mkwe wake anafundishika. Nimeona aibu tamu.

Bi Nyundo kavuta utepe ukalia kweli, tap tap, kamaliza kabla uji haujapoa. Sasa mama kakaa, miguu juu, mke wangu kakaa chini anasukwa nywele na mama yake, wanasengenya watu nisiowajua. Jua linapiga mahameli. Ningekuwa na mdomo wa kusifu ningesifu, nimebaki natazama tu.

Ila kochi likipendeza, mapazia huumbuka. Yetu yamechoka, na yamefungwa kwa kamba. Nikamwahi Bi Nyundo mlangoni, misumari imekwisha rudi mdomoni. Kasema mabaki ya mahameli yanatosha, kushona atanishonea kwa bei ya ndugu. Lakini mapazia hayaning'inii bila pete, na pete nitafute mwenyewe: nyingi, imara, zisizoshika kutu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo.

Zisizoshika kutu. Nimekaa nimewaza. Nailoni hapokei simu zangu. Mke wangu ana pete moja, ya ndoa. Mama mkwe anazo tatu, nene, dhahabu tupu, na akishakula mchana hulala fofofo.