Ombi la Kuondolewa Katika Kanisa Lililomo Ndani ya Kompyuta

Usharika wa Betania,
Kimbanseke, Kinshasa.
Jumanne.

Kwa Bwana Lukombo,
Mwenye studio ya kurekodi, Matete.

Mheshimiwa Bwana Lukombo,

Neema na amani ziwe nawe na nyumba yako. Mimi ni Élie Nsumbu, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na minne, niliyekuja kwenu mwezi uliopita pamoja na kwaya yetu ili sala yangu itangulie nyimbo zao katika rekodi. Nakuandikia bila hasira, baada ya kufunga siku nzima. Kazi ya fundi wako Plamedi imenifikisha mbele ya Baraza la Wazee, na Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wangu Exaucée anaolewa. Ameomba mikono itakayowekwa juu ya kichwa chake kwa baraka iwe yangu, wala si ya mtu mwingine. Baraza limenizuia nisiiweke mpaka jambo hili lieleweke.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilisali katika kile chumba chenu ambacho kuta zake zimefunikwa magodoro na trei za mayai, na ambamo watu wawili hawawezi kupiga magoti kwa pamoja. Nilipomaliza, Plamedi aliniambia kupitia vile vya kuvaa masikioni, "Papa, umesali vizuri, ila sauti ni kavu mno." Nilimjibu kwamba nilikwisha kunywa chai. Akacheka. "Si koo, Papa! Ni chumba, hakirudishi sauti. Usijali, nitailowesha kidogo." Nikaruhusu, nikilichukulia jambo hilo kama koti kupigwa pasi.

2. Rekodi ilipofunguliwa mbele ya Baraza, sauti yangu ilikuwa ikitoka katika jengo kubwa la mawe. Kila aliyekuwepo alilisikia: dari iliyo juu sana, nguzo, sakafu isiyo na mkeka. Kanisa letu lina paa la bati. Papa Mabiala, katibu wetu, ambaye hajanitazama usoni tangu uchaguzi wa wazee, aliisimamisha rekodi akauliza, "Mzee Élie, hapa ulikuwa wapi?" Nikasema, Matete. "Matete gani yenye nguzo? Hili ni kanisa kuu la watu wengine, tena la matajiri! Umekwenda kusali kwa wenyewe bila barua ya Baraza!" Katiba yetu, kifungu cha tisa, humsimamisha mzee afanyaye hivyo.

3. Baya zaidi ni ile "Amina". Niliitamka mara moja nikafunga mdomo. Katika rekodi imeendelea kwa sekunde nne, ambazo Papa Mabiala alizihesabu kwa saa yake ya mkononi. Plamedi anauita huo mkia wa sauti. Lakini kwetu sisi, wanaoitikia Amina baada ya msali kunyamaza ni waumini. Basi Baraza limeandika katika kumbukumbu zake kwamba palikuwa na waumini, "idadi haijulikani".

4. Alhamisi nilirudi kwa Plamedi kuomba ushahidi kwamba sikuwa humo. Alinigeuzia kioo cha kompyuta. "Tazama, Papa. Hili kanisa halipo popote duniani. Limo humu tu." Nikauliza kama yamo mengine. "Makanisa? Kumi na moja, pamoja na hili! Na pango, na handaki la treni, na bafu. Shukuru nilikupa kanisa. Nyota mmoja wa muziki juzi nilimtia bafuni, na amefurahi mpaka basi."

Bwana Lukombo, hebu fikiri. Makanisa kumi na moja, hayana mchungaji, hayana mzee, hayana hata wa kuyafagia, na kijana ambaye hajawekewa mikono na mtu yeyote anaingiza watu humo na kuwatoa kwa kidole kimoja! Hata kuta anazisogeza. Mbele ya macho yangu alivuta kidole, na nyuma ya sala yangu zikaongezeka safu ishirini za viti vitupu. Nilimwuliza ni nani aliyeyaweka wakfu. Akasema, "Yalikuja na programu, Papa."

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kwanza, sauti yangu itolewe humo na irudishwe kwenye magodoro, hata ikiwa kavu. Pili, nipewe cheti chenye mhuri, kinachosema kwamba kanisa hilo halina anwani wala dhehebu, na kwamba halijapata kuwa na muumini hata mmoja. Tatu, yale kumi yaliyobaki yafungwe mpaka wapatikane watu wa kuyaangalia. Cheti ndicho cha haraka. Exaucée amekwisha kulia mara mbili, na mama yake amemwambia Papa Mabiala maneno ambayo kalamu yangu haiwezi kuyabeba.

Mke wangu, Mama Tusevo, anakusalimu, na anasema Plamedi amekonda; kwanga nne, ile mikate yetu ya muhogo, alizofungiwa pamoja na barua hii ni zake. Nisalimie wapiga gitaa waliokuwa wakingoja zamu mlangoni, na yule mama auzaye maji barazani penu.

Wako katika utumishi na katika huzuni,

Élie Nsumbu,
Mzee wa Kanisa (amezuiwa kwa muda).

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, nimeisoma barua hii mbele ya Baraza. Wazee wameshauriana kwa saa tatu, wakaamua kwamba kanisa lisilo na dhehebu haliwezi kuwa la watu wengine, hivyo sikuvunja kifungu cha tisa, na mikono yangu imefunguliwa. Hapo Exaucée, aliyekuwa akingoja mlangoni, akauliza, "Babu, kama si la mtu, kwa nini tusifungie ndoa humo?" Papa Mabiala ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Tafadhali puuza maombi yote yaliyotangulia, ututengee kanisa hilo Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kwa wageni mia mbili na kumi. Na Plamedi atuambie mlango wake uko upande gani, ili bibi harusi ajue ataingilia wapi.