Kromosomu ya Mwisho na Kuku wa Bibi

Wanangu, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, na bado nasema sikukosea.

Iko hivi. Jana Madam Tatu, mwalimu wetu wa baiolojia, alimgawia kila mtu fotokopi ya kromosomu za binadamu mmoja. Zilipigwa picha seli ikiwa inajigawa, zikatiwa rangi mpaka mistari ikaonekana. Kwenye karatasi zimelala hovyo kama tambi zilizomwagika. Kazi yetu ni kuzikata moja moja, kuitafutia kila moja pacha wake, na kuzibandika kwenye manila kuanzia kubwa kwenda ndogo. Ziko arobaini na sita, yaani jozi ishirini na tatu. Unaangalia urefu. Unaangalia kiuno kimebanwa wapi, katikati au karibu na kichwa. Zikifanana hapo, unahamia kwenye mistari. Jozi ya mwisho ndiyo inayosema jinsia: X mbili ni mwanamke, X na Y ni mwanaume. Ukimaliza, hiyo ndiyo kariotaipu. (Kama hujaelewa, panda juu usome tena. Mimi sirudii.)

Sasa, atakayefanya vizuri kuliko wote ndiye atakayesimama siku ya mahafali kuwaelezea wazazi. Mimi nilishamwambia bibi kwamba ni mimi. Bibi akaiambia kwaya yake nzima. Mnaona nilipokuwa nimesimama.

Asubuhi nimeamka mapema nikabandika. Gundi? Nani anunue gundi na kiporo cha ugali kipo? Unakiponda na maji kidogo, kazi inaenda. Nikaweka manila juani, kwenye kichanja cha vyombo, nikaingia ndani kunywa chai.

Natoka, nakuta tetea wa bibi amesimama katikati ya jozi ya tisa, anadonoa kama amealikwa.

"Shii! Toka!"

Bibi akaitikia kutoka jikoni: "We Hamisi, kuku wangu kakufanya nini?"

"Bibi, anakula masomo yangu!"

"Muache ale, ana vifaranga."

(Huyu ndiye aliyenitangaza kwa kwaya nzima.)

Sikukata tamaa. Nyingine zilikuwa zimebanduka, nyingine zimeangukia kwenye masufuria. Nikaziokota, nikazisoma mistari upya, kila moja nikairudisha kwake. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikuwa napiga mluzi. Nikafika jozi ya mwisho. X ipo. Pembeni yake kuna kitu kidogo, cheusi, ncha yake nyeupe, kimekauka vizuri kabisa. Y hiyo! Haikubanduka hata kidogo! Sikuigusa, nisije nikaiharibu. Nikakunja manila taratibu, huyoo, shule.

Darasani nikawa wa kwanza kutundika ubaoni. Zuhura, ambaye naye alikuwa anaitaka hiyo nafasi ya mahafali kufa na kupona, akasogea kuchungulia.

"Hamisi, mbona Y yako imenona?"

"Wivu huo. Nenda kakae."

Madam akaja na miwani yake. Akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi tayari nawaza shati la kuvaa siku ya mahafali. Akafika mwisho. Akasimama. Akainama. Akanusa.

"Hamisi, hii ni nini?"

"Ni Y, madam. Mtu wetu ni mwanaume."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia, madam. Ni ndogo, na mistari yake hiyo hapo, nyeusi na nyeupe. Mwenye macho aone!" (Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa sauti. Nikiwa nimewageukia wenzangu.)

Madam akachukua penseli, akaisukuma kidogo. Y ikadondoka kwenye meza ya mbele, tii, ikabingirika mpaka kwenye daftari la Zuhura.

Zuhura akapiga yowe. "Madam, ni mavi ya kuku!"

Jamani! Darasa lilipasuka. Watu waligaragara. Kuna mmoja nyuma akapaza sauti: "Madam, basi huyo mtu wake ni jogoo!" Hata Madam alijifunika uso kwa rejista, mabega yanatikisika.

Nikakaza. "Madam, Y ilikuwepo. Kuku ndiye kaila."

"Basi kamlete tumpasue tuione."

"Madam, huyo kuku ni wa bibi!"

Ikaja hukumu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wapambe wa Zuhura wanaisimulia vibaya. Jozi ishirini na mbili zangu zote zilikuwa sahihi. Zote! Zuhura alichanganya namba za penseli za jozi ya nne na ya tano. Lakini Madam akasema Zuhura ndiye atakayeongea na wazazi, kwa sababu kosa lake linafutika kwa raba, na langu linataka sabuni.

Nikauliza, "Na mimi, madam?"

"Wewe utamshikia manila."

Nimerudi nyumbani, shikamoo bibi, marahaba, haya, vipi, wamekuchagua? Nikamwambia ukweli mtupu: "Bibi, siku ya mahafali nitasimama mbele ya wazazi wote, katikati kabisa, na kariotaipu mkononi." Sasa hivi anawapigia simu wanakwaya. Atakayekwenda kumwambia nasimama kama msumari wa kutundikia, tutakutana.