Pipa la Majani na Ng'ombe wa Mama Kulwa

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena mbele ya ng'ombe. Naandika haya mikono ikiwa bado inanuka dampo. Ni afadhali mnisikie mimi kabla hamjamsikia Mzee Jilala, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua kwamba hapa Somanda uzoaji wa taka sasa ni biashara. Zamani lori la halmashauri lilipita lilipojisikia. Siku hizi kuna mzabuni mwenye trekta na tela, anayekuja kila Jumamosi, na ukitaka achukue pia taka za bustani unalipia pipa la pili. Mimi, mtu wa mipango kwa taaluma, nilizishawishi nyumba nne za mtaa wetu tuchangie pipa hilo kwa pamoja. Niliitisha kikao. Niliandika kanuni za pipa, kurasa mbili, zenye vifungu na vifungu vidogo. (Ndiyo, kanuni za pipa. Endeleeni kusoma.)

Tatizo likawa moja: pipa halijai. Wasukuma hatutupi majani. Mabua ya mahindi yanaliwa na mifugo, majani makavu yanafunika mashina ya migomba, na kilichobaki mbuzi anakimaliza bila kikao. Wiki tatu mfululizo trekta lilikuja, likalikuta pipa letu tupu, likaondoka.

"Baba Neema," aliniambia Mzee Jilala, jirani yangu wa kulia, karani wa pamba mstaafu, "nimepima pamba maisha yangu yote. Hii ni mara ya kwanza nachangia kusafirishiwa upepo."

Maneno hayo yaliniuma. Kwa hiyo leo niliamka alfajiri, nikachukua mundu, nikaanza kutafuta taka.

Bustani yangu ilitoa kapu moja. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Huko, kati ya ukuta wangu na boma la Mama Kulwa, kuna kipande cha ardhi kilichozungushiwa minyaa na miiba. Ndani yake majani yalikuwa yamesimama hadi kiunoni, makavu, ya rangi ya asali. Kiangazi hiki chote mji umekuwa mwekundu kwa vumbi, lakini pale palikuwa na majani. Nilisimama nikatikisa kichwa. Nikawaza: mama huyu ni mjane, amekosa mtu wa kumsafishia. Nikaamua kumsaidia.

Nilikata kwa saa mbili. Nilijaza pipa, nikajaza viroba saba juu yake. Mama Kulwa alikuwa ameenda sokoni, nami nilifurahi kwamba atarudi akute usafi. Trekta lilipofika alasiri, Masanja, dereva wake, alishuka akalizunguka lile pipa mara mbili kama anayekagua fahali mnadani.

"Afisa, leo umelishinda pipa."

"Mipango, Masanja," nilimjibu. "Ni suala la mipango tu."

Nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la mtaa na maneno haya: "Pipa limejaa. Wenye mashaka waje waone." Masanja akamwaga yote kwenye tela, juu ya taka za watu wengine, akaondoka.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa Mzee Jilala. Hakuandika. Alikuja kwa miguu, simu mkononi, miwani kwenye paji la uso.

"Majani mazuri haya, katikati ya kiangazi. Umeyatoa wapi?"

"Nyuma kule."

"Nyuma wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Mzee alikaa kwenye ngazi yangu pole pole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, akasema neno moja: "Ngitili."

Kwa msiotoka huku: ngitili ni malisho yanayofungwa tangu mvua zikiwepo, yasiguswe na mtu wala mnyama, ili kiangazi kikikaza mifugo dhaifu wapate pa kula. Kuingia katika ngitili ya mtu ni kosa linaloitisha wazee. Na mimi nalijua hilo. Babu yangu kule Mwandoya alikuwa na ngitili ambayo hukuweza kuuona mwisho wake ukisimama langoni. Ila akilini mwangu ngitili ilikuwa kitu cha kijijini, kitu cha ekari nyingi na cha zamani. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuwa nayo mjini, yenye ukubwa wa chumba na sebule, nyuma ya tangi langu la maji.

Mama Kulwa alirudi jua likiwa limeanza kuinama. Nilimwona akipita nyuma. Alikaa huko muda. Kisha akaja hadi mlangoni kwangu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," niliitikia salamu, nikimwita mama.

"Ngitili yangu imeisha. Nimetafuta kwato, sikuona kwato. Nimeona viatu." Aliongea taratibu, bila kupandisha sauti. "Aliyekata ni mrefu. Anashika mundu kwa mkono wa kushoto. Na hajazoea, maana amekata kama anayemnyoa mtoto anayekimbia."

Mundu niliokuwa nikienda kuuficha ulikuwa mkononi mwangu. Wa kushoto.

"Ng'ombe wangu anazaa mwezi huu," alisema. "Mvua ziko mbali. Ulitaka nimlishe nini, baba? Picha?"

Naye alikuwa ameiona.

Nilipanda bodaboda, nikalifukuza trekta. Tulilikuta njia ya dampo, likienda mwendo wa kobe kwa sababu ya mzigo. Nilimweleza Masanja. Alizima injini. Alinitazama, akaitazama ofisi yangu yote iliyomo ndani ya shati langu jeupe, akasema, "Nimezoa taka mpaka nikadhani nimeshaona yote. Sijawahi kurudisha." Kisha, kwa kuwa mama yake naye anafuga, akageuza.

Tatizo jingine: upepo. Majani yalikuwa juu na yalianza kupeperuka. Ikabidi mtu ayalalie. Basi mwandishi wenu alipita barabara kuu ya Somanda, karibu na hospitali, saa za watu kutoka sokoni, akiwa amelala kifudifudi juu ya tela la taka, mikono imetandazwa, akikumbatia majani. Msaidizi wangu wa ofisini alikuwa akinunua mahindi ya kuchoma. Alinisalimia kwa heshima zote. (Heshima ile ndiyo iliyonimaliza.)

Tulimwaga mzigo kwenye turubai mbele ya boma la Mama Kulwa. Nikadhani nimemaliza. Akachota konzi moja, akapekua, akatoa kipande cha mfuko wa nailoni kidogo kama ukucha.

"Akimeza hiki hakitoki. Kinakaa tumboni mpaka kimuue, na ndama wake."

Tukaanza kuchambua, unyasi mmoja mmoja. Mimi, Mzee Jilala, Masanja, na wapita njia waliokuja kushangaa wakajikuta wamechuchumaa. Na hapo, jamani, nikaona kitu ambacho chuo kikuu hakikuwahi kunionyesha. Mama Kulwa hakuwa akitazama. Alikuwa akipitisha majani viganjani, uso ameelekeza kwa ng'ombe wake, na vidole vyake vilitoa nailoni, uzi na kifuniko cha soda kana kwamba vina macho. Alinitajia kila aina kwa jina la Kisukuma: hili la maziwa, hili la kumtia mnyama nguvu baada ya kuzaa, hili huota mara moja tu na usipolilinda halirudi.

"Tangu Aprili nimeyafunga," alisema. "Kila jioni ng'ombe huyu alisimama pale kwenye minyaa, ananiangalia. Ana njaa, nami namgeuza. Unajua ni kazi gani kumgeuza?"

Sikujua. Nilichokiona mimi kilikuwa taka. Kumbe ilikuwa miezi ya subira, imesimama wima, na mimi nikailipia isombwe.

Tulipomaliza, theluthi nzima ilikuwa haifai. Ng'ombe, tumbo likiwa limemtanuka kama ngoma, alinisogelea, akaninusa shati, akapiga chafya. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata Mama Kulwa alicheka, mkono mdomoni.

Hukumu ilitolewa papo hapo na wazee wawili, Jilala na Mama Kulwa, na dereva mmoja: mpaka mvua zinyeshe, mimi ndiye mchunga majani. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, nitatoka na baiskeli hadi mabondeni, nikate mzigo, niulete kabla ya kwenda kazini.

"Nitakufundisha kukata," alisema Mama Kulwa. "Ila kwanza ubadilishe viatu."

Nimejifunza kutofautisha majani yaliyosahauliwa na majani yanayosubiriwa. Atakayecheka nitampelekea Mama Kulwa jina lake, maana zamu ya Jumapili bado haina mtu.