Ndege wa Kibira Katika Mkaratusi wa Juru

Jumatatu, 3 Machi 2025
Amejibu! Tangu Noeli naupiga wimbo wake kwa simu chini ya mkaratusi kila alfajiri, na leo wimbo umerudi kutoka ndani ya ukungu. Yule ndege mdogo wa kijivu wa msitu wa Kibira, kwetu Burundi, anayetoweka pamoja na miti yake! Shahada yangu ya biolojia inasema haiwezekani: yeye ni wa milimani, na hapa Juru, kambini kwa wakimbizi, ni kukavu. Lakini je, mimi nami si wa milimani? Hoja dhaifu. Nimeikubali.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimempigia Daktari Angella, mhadhiri wa Mbarara anayetafuta msaidizi wa utafiti wa ndege. Miaka yote hii ya kupalilia maharage nimeingoja nafasi hiyo. Atakuja Jumamosi. Habari za simu sikumtajia. Si uongo, ni ufupisho.

Jirani yangu Marcienne, majivu usoni, aliuliza nimeacha nini Kwaresima hii. Sukari, nikasema. “We dada, acha kwanza kuamsha jogoo yangu na hiyo simu!”

Ijumaa, 7 Machi
Marcienne alizaliwa kando ya Kibira. Leo aliusikia wimbo, akaegemea jembe, akasema ananusa moshi wa jikoni kwa mama yake. Shahidi kamili! Nikamsihi amwambie Daktari kwamba hajawahi kuona simu. Akauliza Kwaresima ya wasomi huanza lini.

Jumamosi, 8 Machi
Wimbo ulishuka, mwororo. Daktari akafumba macho. Nikaiona ofisi yangu Mbarara, dirisha lake, hata pazia.

Kisha mwimbaji akaongeza: ti-ti-tii. Mlio wa simu yangu betri ikikaribia kuisha!

Akatokeza tawini: kurumbiza wa kawaida, kifua cha rangi ya chungwa, bingwa wa kuiga. Marcienne alianguka kwenye maharage kwa kicheko. “Dada, ndege yako inataka umeme!”

Daktari naye alicheka mpaka akafuta machozi. Atanichukua hata hivyo, kwa sharti moja: simu inyamaze mwezi mzima, tuone kama kurumbiza atausahau wimbo.

Jumapili, 9 Machi
Sharti ni la haki. La kisayansi. Lakini alfajiri hii kurumbiza ameimba nusu tu, akakomea pale sauti inapopanda. Marcienne amesimama uani kwake, ndoo mkononi, akiingoja nusu ya pili.

Najiuliza: msaidizi makini hapaswi kuhakikisha kwamba ndege anakumbuka vizuri kabla hajaanza kusahau? Mara moja tu. Betri nimeshaijaza.