Waya Uliolala

Jumatatu, 3 Machi
Nimeuza sofa! Nimenunua waya wa spika, mnene kama mkono wa mtoto, umevishwa kitambaa cha bluu. Muuzaji kaapa kwamba unafungua sauti. Mke wangu kauliza tutakalia nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya Baba: masikio yamechoka, na tangu Mama afariki kitulizo chake kilikuwa kanda aliyoimba Mama kwenye kwaya. Siku hizi hata hiyo haigusi. Mke wangu akasema Baba anahitaji daktari, si waya. Mwanamke huyu hana sikio la muziki, maskini.

Jumanne, 4 Machi
Muuzaji kaonya: waya mpya ulale kwanza nyuma ya spika, uzoee nyumba, ndipo uunganishwe. Nimeulaza. Mke wangu kauliza kama nao unataka shuka. Wivu tu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Nimekaa na Baba sakafuni, bega kwa bega, nikaweka kanda. Machozi yakamlengalenga. Akasema leo Mama kaimba vizuri kuliko siku zote. Nikakimbilia jikoni kumringia mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mke wangu akifagia kaukuta waya wangu bado umelala, ncha zote hewani. Spika zilikuwa zinaimba kwa ule waya wa zamani. Nilisahau kuunganisha! Nikamuuliza Baba, kwa ukali kidogo, jana alisikia nini basi. Akasema hakusikia kitu; nyimbo zote anazo moyoni. Ila, akaongeza, tangu msiba sikuwahi kukaa naye hata kwa wimbo mmoja, hadi jana.

Nimewaza mchana kutwa. Nimetapeliwa, au nimenunua furaha? Yule bwana kaniuzia uongo, sawa. Lakini uongo wenyewe ndio ulionikalisha karibu na baba yangu. Sijui nimlaani au nimshukuru.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kampeleka Baba hospitali. Wamemzibua masikio, kumbe ni nta! Sasa anasikia hata nikinong'ona. Jioni akaniita tumsikilize Mama. Nikamwambia atangulie, nina shughuli kidogo.

Nilikuwa nampigia muuzaji. Kama waya ambao haujaunganishwa umefanya makubwa vile, ukiunganishwa je? Akasema hapo sasa utahitaji pacha wake. Nimemwahidi kuuchukua kesho. Baba anamsikiliza Mama sebuleni, peke yake. Mimi niko chumbani, napima kitanda; aliyenunua sofa anataka vipimo.