Maji Hayajapungua Hata Tone

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeachana na petroli! Baada ya futari alikuja Injinia Prakoso kwenye meza yangu ya bakso. Akala bakuli mbili za supu na madonge ya nyama, akajifuta mdomo, akanionyesha chupa. Chupa tu, ina nyaya mbili na maji ya bomba. Ukiifunga kwenye pikipiki, maji yanageuka gesi, gesi inageuka mwendo. Wakubwa wa mafuta wanamwinda kwa ajili ya siri hii, ndiyo maana anahamahama. Maskini, mwenye akili hana raha duniani.

Fedha hakutaka kabisa. Alitaka viti vyangu viwili vya basi la Idi, lile ambalo chama chetu cha wauza bakso na tambi hutupeleka bure nyumbani Wonogiri. Tukabadilishana palepale. Chupa kwangu, viti kwake. Nilijiona mjanja hadi nikamwonea huruma.

Lasmini simwambii kwanza. Mke wangu huyo amekosa Idi tatu kwao, na mama yake, Mbah Painem, macho yanafifia kila mwezi. Tangu Ramadhani ianze wimbo ni mmoja: mwaka huu lazima nifike, mama anione uso wangu angali anaona. Atafika! Tena juu ya pikipiki ya maji, kijiji kizima kikishuhudia.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia. Ilibidi, alikuwa ameshaanza kufunga mizigo ya basi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliendelea kukunja batiki aliyomnunulia mama yake, kisha akaniuliza polepole: Mas, mume wangu, kama maji yanaendesha pikipiki, huyo Injinia kiti cha basi anakitakia nini?

Swali la kitoto. Nikamweleza kwamba wanasayansi hawapendi vumbi.

Jirani Wignyo, muuza tambi, alisikia yote kupitia ukutani. Huyu ana pikipiki ya umeme, kitu kisicho na sauti, na tangu aipate anatembea kifua mbele. Akachungulia akasema, mdogo wangu, kwa umri wangu huu sijaona maji yakipanda mlima.

Mdogo wake! Mimi! Kwetu siku ya Idi mdogo humwendea mkubwa, akapiga magoti, akaomba radhi. Wignyo anadai amenizidi miezi, nami najua nimemzidi. Vyeti vya kuzaliwa hatuna. Basi kila mwaka tukibaki mjini, kila mtu huketi kwake na sahani ya keki, akimngoja mwenzake aje, na hakuna anayekwenda.

Jumanne, 25 Machi

Inatembea! Nimeifunga chupa, nikaenda sokoni, nikarudi, nikauzunguka msikiti hadi imamu akatoka nje kuangalia. Na ajabu kuliko zote: maji hayajapungua hata tone! Nguvu za bure tupu. Nimemwita Lasmini aje aone chupa ilivyojaa. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Jambo moja tu linanikera. Injinia aliniagiza niache petroli kidogo tangini, ili injini isishtuke. Petroli hiyo imekwisha yote. Kuna mwizi mtaani. Nikaenda moja kwa moja kwa Wignyo, mbele ya watu, nikamwambia arudishe petroli yangu.

Wignyo akaniuliza ataipeleka wapi. Pikipiki yake inakula umeme. Ainywe? Na amefunga!

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Sijui funga gani hiyo isiyo na adabu.

Alhamisi, 27 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Wignyo alitangaza mtaani kwamba kama ni maji kweli, nikaushe tangi tuone. Mwanamume hakimbii maneno. Alasiri, watu wamejaa wakingoja adhana na vitafunio vyao, nikalikausha tangi, lenye petroli kidogo niliyoiongeza jana, mbele yao. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka kizunguzungu kikanishika. Nikawaza, labda maji ya chupa ni machache kwa injini ya ukubwa huu. Nikalijaza tangi zima maji!

Injini ilikohoa mara moja, ikanitemea povu jeusi usoni, ikanyamaza. Fundi akaja, akainusa, akasema imekunywa maji hadi mifupani, haitaamka mpaka Idi ipite, na yeye karakana anaifunga leo. Mabasi yote yamejaa, na Injinia hashiki simu. Bila shaka wakubwa wa mafuta wamemkamata.

Lasmini alikuja na kitambaa, akanifuta uso mbele ya watu wote. Hakusema si nilikwambia. Aliingia ndani, akaketi karibu na begi lake, akaanza kutoa nguo mojamoja na kuzirudisha kabatini. Batiki ya mama yake aliishika muda mrefu. Alikuwa analia bila sauti. Nilisimama mlangoni, povu jeusi bado masikioni. Moyo umeniuma, jamani. Nimemfanyia nini mtoto wa watu?

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi mlango uligongwa. Wignyo. Sikutaka kufungua, akafungua mwenyewe. Ameshika tiketi yake ya basi lilelile la chama. Hakunipa mimi, alimpa Lasmini.

Nikasema hatuhitaji hisani ya mtu, nina mpango mwingine. (Sina.) Wignyo akaniambia: funga na mdomo pia, Tarmuji, upate thawabu kamili. Kisha akamgeukia Lasmini. Kwao Wonogiri hakubaki mtu, ila makaburi ya wazazi wake na la marehemu mkewe, ambayo akipata kwenda Idi huyafagia na kuyamwagia maua. Akamwambia: nenda, dada. Makaburi yana subira. Macho ya mama hayana.

Kijana mshenzi yule! Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye sufuria za bakso, nikalia kama mtoto.

Kituoni nilimkuta Injinia Prakoso ameketi kiti cha mbele, kile changu, na mkewe pembeni. Hajakamatwa, alhamdulillahi! Nikagonga dirisha, nikamweleza yaliyotokea. Akanong'ona kwamba kosa langu ni chumvi, nilipaswa kuweka kijiko cha chumvi. Kumbe! Kitu kidogo tu! Nilitaka kumuuliza chumvi gani, ya mawe au ya unga, basi likaondoka.

Lasmini alinipungia mkono hadi kwenye kona. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nilikuwa nimesahau anavyopendeza akifurahi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nyumba kimya, hata redio haina la maana.

Baada ya swala niliketi na sahani yangu ya keki, nikimngoja Wignyo kama desturi. Dakika zikapita, keki sijazigusa. Mtu ametoa kiti chake kwa mke wangu, nami nahesabu miezi! Nikainuka. Nikatoka nje, na nani nakutana naye katikati ya uchochoro? Wignyo, kofia kichwani, anakuja kwangu!

Kila mmoja akawahi kupiga magoti kabla ya mwenzake. Tukajikuta wote chini, juu ya changarawe, tunashikana mikono na kuombana radhi kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Mimi kwa petroli, yeye kwa kunicheka. Hakuna aliyekubali kuinuka wa kwanza. Jirani mmoja akapita na sahani yake akasema hata kusamehewa mnashindania. Magoti yangu bado yanawaka.

Adhuhuri Lasmini alipiga simu, akampa mama. Mbah Painem akasema alimpeleka binti yake mlangoni, kwenye mwanga, akamshika mashavu, akamtazama mpaka akashiba. Amekonda kidogo, akasema, lakini ni yuleyule. Nikapiga magoti sakafuni, ingawa simu haioni magoti, nikamwomba radhi kwa Idi zote alizomkosa mwanawe. Akasema yamekwisha, mwanangu. Mwakani nije na mimi. Hata kama macho yatakuwa yamefunga, atanijua kwa makelele.

Nikaficha uso kwenye mkono wa shati. Wignyo, aliyekuwa kwangu anakula keki, aliichukua simu, akaaga kwa niaba yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeamka na jambo kubwa! Maji yalikuwa kosa, nakiri. Maji ni mambo ya kizamani. Mustakabali ni umeme, Wignyo alikuwa sahihi tangu mwanzo, ila hakuufikisha mwisho.

Sikiliza. Pikipiki yake ikienda, gurudumu linazunguka. Gurudumu likizunguka, linaweza kuzungusha dinamo. Dinamo inachaji betri. Betri inasukuma gurudumu! Haiishi! Utaenda Wonogiri, utarudi, utaenda tena, na hakuna mahali pa kuichomeka. Nashangaa dunia nzima ilikuwa wapi. Dinamo tayari ninayo, nimeing'oa kwenye baiskeli ya fundi, atakaporudi nitamweleza.

Wignyo amesema haiwezekani hata kidogo. Lakini amesema hivyo akiwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, bisibisi mkononi, na keki zangu zote amemaliza.

Nimempigia Lasmini nikamwambia asihangaike na basi la kurudi. Jumapili ninakuja kumchukua mwenyewe. Alicheka kwa upole, akasema sawa, Mas, atanisubiri, nami nijitunze na nile vizuri. Mke wa namna hii yuko wapi tena? Kabla simu haijakatika nilimsikia akimuuliza kaka yake basi la Jumapili linaondoka saa ngapi. Nadhani kuna mgeni wao anayerudi mjini.