Mama Anasalimia Msumari

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Jumba la Sanaa ya Picha,
Ikoyi, Lagos.

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUTOIKATA PICHA YA MAMA YANGU SIKU YA IJUMAA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na walio chini yako. Hatujaonana, ingawa umeniuza mara kadhaa.

Mimi ni Kehinde Olatunbosun, muuza mabati hapa Oshogbo. Nilianza na bati moja lililotoboka, leo nina ghala. Sijisifu, nataka tu ujue kwamba anayekuandikia anajua kuhesabu. Mwezi uliopita msaidizi wako, Bwana Bankole, alifika kwa mama, akala viazi vikuu vya kutwanga akaongezwa, kisha akaitungua ukutani picha ya wasichana pacha. Akasema, "Mama, naipeleka kuipima tu, nitairudisha." Jana nilipokea barua yenu kwamba picha hiyo si halisi, haimo katika toleo lenu la nakala saba, na ili kuwalinda wanunuzi itakatwa vipande vinne Ijumaa hii.

Mama ni mtu mzima sana. Kila asubuhi huisalimu picha ile kabla hajatusalimu sisi. Tangu muichukue, anasalimia msumari.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba, maana naona kwenu kisicho na namba hakipo.

1. Mnasema nakala ni saba. Nilipokuja Lagos wiki iliyopita kuulizia picha ya mama, Bwana Bankole alinieleza kwamba zipo pia mbili "za msanii" na moja "ya maonyesho". Hizo ni kumi. Akaongeza kwamba kuna saba nyingine, ila hazihesabiwi kwa sababu ni kubwa zaidi. Bwana Mkurugenzi, mimi nikimwambia mteja nina mabati saba, naye akakuta kumi na saba ghalani, hataniita msanii. Ataita polisi.

2. Mnasema zenu zina sahihi na ya mama haina. Marehemu Mzee Adisa Okediji, aliyetupiga picha, hakutia sahihi hata siku moja. Aligonga muhuri nyuma, tena miguu juu, kwa sababu kishikio cha muhuri kilibandikwa kinyume naye hakuona haja ya kununua mwingine. Oshogbo nzima ina picha zenye muhuri uliopinduka. Zenu zote muhuri umenyooka. Na anayezitia sahihi ni mpwa wake, Lukman, ambaye enzi za mjomba wake alipigwa marufuku kuingia chumba cha giza cha kusafishia picha kwa kuwa kila akiingia aliwasha taa.

3. Kando ya nakala iliyo ukutani kwenu mmebandika ukurasa mzima wa maelezo: msichana wa kushoto anatazama mauti, wa kulia anatazama matumaini. Mama mmoja mwenye miwani alisimama nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu wa kushoto, macho yake yamejua jambo." Bwana, wa kushoto ni mimi. Wa kulia pia ni mimi. Pacha wangu Taiwo alikuwa amekwisha kufa kwa surua. Kwetu pacha haachwi peke yake. Zamani walimchongea aliyeondoka sanamu ya mti, baadaye wakawa wanakwenda kwa Mzee Adisa. Alinipiga mara moja, akaichapisha filamu ileile mara mbili kwenye karatasi moja, bega kwa bega, na Taiwo akawepo. Jambo pekee ambalo macho yale yamejua ni kwamba viatu vilikuwa vinanibana.

4. Hata hivyo mmetubadilisha. Kibao chenu kinasema kushoto Kehinde, kulia Taiwo. Kushoto ni Taiwo. Najua mtasema ni msichana yuleyule. Muulizeni mama.

5. Niliponyoosha kidole kuwaonyesha, mlinzi wenu aliniambia, "Mama, usiguse." Nikamwambia, "Baba, huyu ni mimi." Akasema, "Hata kama ni wewe, rudi nyuma ya mstari." Nilirudi.

6. Nasikia na filamu yenyewe mtaikwaruza, ili nakala zisiongezeke. Kwenye filamu ile yupo msichana mmoja tu. Mkinikwaruza mimi, Taiwo hana sura nyingine. Amekwisha kufa mara moja. Naomba toleo hilo liishie hapo.

7. Ila kama sheria ni sheria, tuifuate hadi mwisho. Asili ya picha zote hizo ni mimi. Nina mabinti watatu wanaotembea na sura yangu bila cheti cha uhalisi wala ile stika yenu inayong'aa, na mjukuu aliyenakili hadi mwanya wa meno. Niwalete Ijumaa? Na mimi nikisimama sebuleni kwa mnunuzi wenu, itakuwa nakala ya nane, tena inayokula na kuuliza bei. Tayarisheni mkasi mkubwa.

8. Picha halisi, Bwana Mkurugenzi, ni ile iliyowekewa maharage. Mama amemlisha Taiwo mbele ya karatasi ile tangu mimi ni mtoto. Mpe picha elfu moja gizani, ataivuta yake. Hakuna mashine wala mtaalamu anayeweza kumdanganya mama. Hoja yangu yote imesimama hapo, nami sitaisogeza.

Sidai fidia. Nadai picha, kabla ya Ijumaa.

Nisalimie Bwana Bankole. Kofia yake aliisahau kwetu, tumeitunza. Msalimie mlinzi, anafanya kazi yake. Msalimie na Lukman, asiwashe taa.

Ni mimi, nisiye na namba,
Kehinde Olatunbosun

Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Binti yangu mkubwa alikuwa na picha ile kwenye simu. Bila kuniambia aliipeleka kwa Sikiru wa duka la fotokopi, akaichapisha, akaitia fremu, akaitundika kwenye msumari. Leo asubuhi mama amesimama mbele yake kitambo kirefu, nami nimeshika mlango. Kisha akasema, "Taiwo, umetakata. Lagos imekupenda." Akaiwekea maharage. Basi mabinti wote na wajukuu wakataka, na ili wasigombane nimeziandika namba nyuma, moja hadi kumi na mbili, nikamwamuru Sikiru aifute kwenye mashine. Ya kumi na tatu haitapatikana hata kwa machozi. Ile mliyo nayo haimo katika toleo langu, lakini irudisheni, sisi hatukati. Na mkiwa na mnunuzi, namba tisa bado haina mtu. Imetiwa sahihi na wasichana wote wawili.